UZI: Mji umehamia Fuoni, wagonjwa bado tunawapeleka Mnazi Mmoja

#1 Mzalia wa Kikwajuni

Assalaam alaykum wote. Naanza na hesabu, ubishi mtauleta wenyewe.

Sensa ya 2012 iliikuta Wilaya ya Mjini, hapa Unguja, na watu 223,033. Sensa ya 2022 ikaikuta na watu 219,007. Yaani Mjini penyewe watu wamepungua. Sasa tizama upande wa pili. Magharibi, kabla haijagawiwa A na B, ilikuwa na watu 370,645 mwaka 2012. Mwaka 2022 Magharibi A peke yake ina 346,815 na Magharibi B 327,347. Jumlisha mwenyewe: karibu maradufu ndani ya miaka kumi. Mkoa wote wa Mjini Magharibi una watu 893,169, na kila wanne kati yao, watatu hawalali Wilaya ya Mjini. Wako Fuoni, Kisauni, Tomondo, Kianga, Bububu, Dole, huko tulikokuwa tukikwita shamba.

Na spitali kubwa, Mnazi Mmoja, iko wapi? Pale pale ilipokuwa tangu enzi za Muingereza, ukingoni mwa bahari, jirani na kiwanja cha Mnazi Mmoja. Wazee wengine hadi leo wakikwambia fulani "kalazwa Lenin", ujue ni hiyo hiyo, maana baada ya Mapinduzi ikiitwa V.I. Lenin. Iliwekwa hapo kwa sababu mji ulikuwa hapo. Hata ile dispensari ya Tharia Topan, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa 1887, iko pwani inatazamana na bandari. Daktari alikaa walipokaa wenye nyumba za mawe. Mtu wa Ng'ambo, upande wa pili wa mkondo, akivuka daraja kumfuata.

Leo mtu wa Ng'ambo ndiye aliye karibu, na sisi wa Fuoni ndio tunaovuka mji mzima na mgonjwa kwenye kiti cha nyuma, tukikwama Mwanakwerekwe, tukikwama tena Amani, tukifika tunakuta foleni ya watu waliotoka Fuoni hiyo hiyo.

Sasa kinachonishangaza. Serikali imejenga hospitali za wilaya kumi, zilizojengwa kwa fedha za kukabiliana na athari za korona. Katika hizo, tatu ni za mkoa wetu: Chumbuni kwa watu wa Mjini, Mbuzini kwa Magharibi A, Magogoni kwa Magharibi B. Juu yake ikaja Lumumba, hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa karatasi, mtu wa Fuoni anaanza kituo cha afya cha kwao, kikimshinda anapelekwa Magogoni, pakishindikana Lumumba, na Mnazi Mmoja iwe ya mwisho, ya mabingwa. Ndiyo maana ya hospitali ya rufaa.

Lakini nenda asubuhi pale Mnazi Mmoja ukaulize watu wametoka wapi na wana nini. Utakuta mafua, utakuta kidonda cha mguu, utakuta mtu kaja kupima presha.

Mie naona hivi: majengo sasa yamewafuata watu, lakini watu bado hawajayaamini majengo. Nataka nisikie kutoka kwenu. Nyie wenzangu wa Magharibi, mtoto akipata homa saa nne ya usiku mwakwenda wapi, na kwa nini? Siasa iachwe mlangoni, tafadhalini.

#2 kijiwe_cha_jaws

Umesema siasa iachwe mlangoni halafu umetaja Lenin 😂

#3 Mama Ilham

Waalaykum salaam kaka yangu. Swali lako zuri nami nitakujibu, maana mie ni katika hao unaowashangaa.

Mwanangu alianguka darini, mkono ukavimba. Usiku. Mume wangu akasema twende hospitali ya wilaya, ipo karibu, mpya, ina taa nzuri. Sitaitaja ipi. Tukapokelewa vizuri, sitosema uongo, kijana wa watu alikuwa na adabu. Akasema huyu lazima apigwe picha. Mashine ipo, anayeipiga hayupo mpaka asubuhi. Wakamfunga mkono, wakampa dawa ya maumivu, wakasema mkipenda rudini saa mbili, mkitaka nendeni mbele. Sasa weye ungekuwa baba ungekaa unatizama mtoto analia mpaka saa mbili? Tukaenda mbele. Huko mbele tukapigiwa picha, kumbe mfupa umepasuka.

Basi tangu hapo, akianguka mwengine, unadhani nitapita tena pale karibu? Mtu akishapoteza saa moja usiku harudii njia hiyo. Sio kwamba hatuyaamini majengo, jengo halina kosa. Sie hatujui nani yuko ndani saa hiyo.

#4 Bi Mkunga (mstaafu)

Mama Ilham mwanangu, pole, na mtoto apoe. Ulilolisema ni kweli na limewafika wengi. Nimefanya kazi miaka mingi ya wodi ya wazazi, nimestaafu, kwa hivyo naweza kusema bila kumuogopa mtu.

Tatizo la usiku ni la kwetu tangu zamani. Mchana utampata daktari, mtu wa maabara, mtu wa picha, mtu wa dawa. Ikishaingia magharibi wanabaki wachache, na wengine ni wa kuitwa kwa simu. Spitali kubwa ina watu wa zamu za usiku kila kitengo, hata kama wamechoka. Hiyo ndiyo siri ya watu kukimbilia kule, na siwalaumu.

Lakini nataka niseme upande wa pili, upande wa aliye ndani ya koti jeupe. Mkija na mafua Mnazi Mmoja, haimaanishi mtatibiwa na bingwa. Mtaonwa na yule yule angekuoneni kituoni kwenu, tofauti ni kwamba huku yuko peke yake na watu mia mbele yake. Na katika hao mia yumo mmoja ambaye hakupaswa kusubiri hata dakika tano. Nimeona mama mjamzito kakaa kimya kwenye benchi, mwenye adabu zake, hataki kusumbua, kichwa kinamuuma na macho hayaoni vizuri. Hiyo ni kifafa cha mimba kinakuja. Anayepiga kelele kwa kuungua kidole anapita mbele yake.

Kwa hivyo wanangu: mjamzito anayetokwa na damu, anayeumwa kichwa kikali na kuona kiwi, aliyevimba uso na mikono ghafla, aliyepasukiwa na chupa ya uzazi kabla ya siku zake, au mtoto tumboni kapunguza kucheza, huyo msimtafutie karibu wala mbali kwa kubahatisha. Pigeni 115. Haitozwi. Ndiyo ile huduma ya m-mama, upande wa pili yupo mtu anayejua gari ipi iko karibu na kituo kipi kinaweza kumpokea. Gari ya wagonjwa ikiwa haipo wanatuma dereva wa mtaani aliyesajiliwa, naye halipwi na nyinyi. Na mtoto mchanga pia anahesabiwa humo.

#5 mtumwa_wa_502

Bi Mkunga Mungu akuweke. Mie miaka yote najua 115 ni ya matangazo ya simu.

#6 Kipanga wa Wawi

Nyinyi watu wa Unguja raha zenu mnazijua? Mnabishana baina ya Magogoni na Mnazi Mmoja, safari ya daladala moja. Sie Pemba tupo watu 543,441 kwa sensa hiyo hiyo, na akitakiwa bingwa wa kichwa au wa moyo, jawabu ni moja tu: bahari.

Sitaki kuwa mkosa shukrani. Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa Wachina, ikafunguliwa 2016, si ile tena. Madaktari wa Kichina wa Jiangsu wako Zanzibar tangu 1964, wanabadilishana kila baada ya muda, na kwa Mkoani wao ndio waliokuwa wakitupasulia watu wetu wakati hapana mwengine. Hospitali ya Vitongoji imejengwa, ya Micheweni imejengwa, ya Kinyasini kule Wete imejengwa. Na hapa kwetu Wawi tuna maabara ya Ivo de Carneri tangu 2000, watafiti wa nchi za nje wanakuja kujifunza minyoo na kichocho kwetu. Ujuzi upo.

Lakini mgonjwa aliyepasuka kichwa kwa kuanguka mkarafuu, msimu wa karafuu kila mwaka wapo, huyo anahitaji mtu wa upasuaji wa ubongo. Na mtu huyo yuko Mnazi Mmoja, kwenye lile jengo la NED, taasisi ya Wahispania ya upasuaji wa ubongo, lililofunguliwa 2014. Basi mpaka boti iondoke, mpaka bahari itulie, mpaka jamaa wachangiane. Na toka meli ya Spice Islander izame Septemba 2011, wapo wazee kwetu ukiwaambia panda boti usiku wanakwambia bora nifie kitandani kwangu.

Kwa hivyo ami Mzalia, ukitizama ramani yako ya mji, tia na Pemba. Kila mtu wa Fuoni anayekwenda Mnazi Mmoja kupima presha anakaa kwenye kiti cha mtu wa Konde.

#7 Mzalia wa Kikwajuni

Kipanga, hilo la mwisho limenichoma, na ni kweli kabisa. Nilikuwa nazungumzia mkoa wangu tu, lakini Mnazi Mmoja ni ya Wazanzibari 1,889,773, si ya watu wa mjini.

Mama Ilham, nimekuelewa. Kama mashine ipo na mtu hayupo, basi hospitali hiyo inafunga usiku hata kama mlango uko wazi. Nitakachoongeza: watu wa mtaani wanasimuliana. Usiku mmoja mbaya wa familia moja unazungumzwa harusini, msibani, dukani, na mwisho wa mwezi shehia nzima inajua pale hapafai. Usiku mzuri hakuna anayeusimulia. Nani alishawahi kusimama dukani akasema "jana nilitibiwa nikapona"?

#8 nassor_wa_tomondo

Mimi nasimulia. Baba yangu ana sukari. Tulikuwa tukimpeleka Mnazi Mmoja kila kliniki, tunatoka alfajiri, tunarudi adhuhuri, mzee hajala, sukari inashuka njiani. Sasa anahudhuria Magogoni. Anatoka saa mbili, saa nne yuko nyumbani anakunywa uji. Daktari wake anamjua kwa jina. Dawa anapata, ila mara chache moja huwa hakuna tunanunua.

Semeni mtakalo. Kwa maradhi ya kudumu, kama sukari na presha, hospitali za wilaya zimetusaidia sana, na hapo ndipo penye watu wengi kuliko mkono uliovunjika.

#9 Bi Mkunga (mstaafu)

Nassor umesema la maana kuliko sote. Mwenye presha hahitaji bingwa, anahitaji mtu yule yule kila mwezi, aliye karibu, asiyemkaripia. Wengi wanaacha dawa kwa sababu ya safari, si kwa sababu ya ujinga.

#10 mkaguzi_wa_risiti

Wapendwa hamjagusa pesa. Tunaambiwa matibabu bure tangu Mapinduzi. Sasa kuna Mfuko wa Huduma za Afya, sheria yake ya 2023, umeanzia kwa watumishi wa umma, wanakatwa kwenye mshahara na mwajiri anachangia. Mimi mtumishi, nakatwa. Swali langu: kama ni bure, nakatwa cha nini? Na kama si bure, kwa nini jirani yangu mwenye duka hakatwi?

Na huku kwenye hospitali mpya baadhi ya huduma, maabara na vipimo vya picha, zimekabidhiwa kampuni binafsi ziziendeshe. Nani analipa? Msinijibu kwa hotuba, nijibuni kwa risiti.

#11 Mpigadebe wa Darajani

Mgonjwa akilipa hotuba, asipolipa hotuba 😅

#12 Mzalia wa Kikwajuni

Mkaguzi, nitakujibu kwa ninavyoelewa, na wenye ujuzi zaidi wataongeza.

"Bure" maana yake hukuulizwa pesa mlangoni. Haikuwa na maana kwamba hapana aliyelipa. Hazina ililipa, na msaada wa nje ukalipa sehemu kubwa ya dawa za maradhi makubwa: malaria, ukimwi, kifua kikuu, chanjo. Na wewe na mimi tulilipa bila kuandikwa, kila tulipoambiwa "dawa hii hatuna, kanunue famasi ya nje". Hiyo famasi ya nje ndiyo ilikuwa kaunta ya malipo ya matibabu bure. Mfuko unataka kulipa kabla, kwa pamoja, ili yule anayeumwa leo asibebe peke yake.

Kwa nini waanze watumishi? Kwa sababu mshahara wako unaonekana. Kipato cha muuza samaki wa Malindi na mkulima wa mwani wa Paje hakionekani kwenye karatasi, na kumtoza bila kumjua ni kazi nyengine. Nchi nyingi zimekwama hapo hapo. Lakini nakubaliana nawe juu ya jambo moja kubwa: anayekatwa mshahara ana haki ya kuuliza kwa nini mtu wa picha hayupo usiku. Zamani ulikuwa ukipewa fadhila, sasa unadai. Na mimi naona hilo ndilo litakaloibadilisha hii sekta kuliko marumaru.

#13 mkaguzi_wa_risiti

Nimeelewa nusu. Nusu nyengine nitaielewa nikiumwa.

Na wale watalii wanaolipa dola 44 za bima wakiingia, tangu Oktoba 2024? Hizo nazo zinakuja kwetu?

#14 kijiwe_cha_jaws

Hiyo bima ni ya mtalii mwenyewe, akiumwa au akipotelewa na begi, kupitia Shirika la Bima la Zanzibar. Weye begi lako likipotea Darajani ni shauri yako.

#15 Mchangani → Mbagala

Salamu kutoka Dar. Mie mzaliwa wa Mchangani, sasa nakaa Mbagala, na nimewapokea wagonjwa kutoka nyumbani mpaka jamaa wameniita balozi.

Nataka niwape picha ya mji mkubwa zaidi, maana haya mnayoyazungumza Dar wameyapitia. Dar ina watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022. Zamani kila kitu Muhimbili. Mzazi Muhimbili, jino Muhimbili. Wakazipandisha hadhi Amana kule Ilala, Temeke, na Mwananyamala kule Kinondoni, zikawa za rufaa za mkoa, na chini yake hospitali za wilaya na vituo vya afya. Muhimbili ikawa ya walioshindikana. Upande wake zikakaa MOI ya mifupa na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, na saratani ina pake, Ocean Road. Ikafunguliwa na Mloganzila kupunguza mzigo.

Je, foleni imekwisha Muhimbili? Haijakwisha. Lakini kitu kimoja kimebadilika: mtu wa Mbagala akiumwa usiku, jina la kwanza linalomjia ni Temeke, si Muhimbili. Hilo halikuja kwa tangazo. Lilikuja kwa sababu Temeke usiku unamkuta mtu wa upasuaji, na mama anayekwama uzazi anafanyiwa hapo hapo. Upasuaji wa usiku ndio kipimo. Siku Magogoni na Mbuzini zitakapokuwa zinafanya upasuaji wa uzazi saa tisa za usiku bila kumpigia simu mtu aliyelala nyumbani, hamtahitaji uzi huu.

Na kwa wale wanaokuja huku kwa mionzi ya saratani, naomba sana: njooni na barua ya rufaa, majibu yote ya vipimo na vipande vya nyama vilivyopimwa, si maelezo ya mdomo. Nimeshuhudia mzee amerudishwa kuanza vipimo upya kwa sababu bahasha ilibaki juu ya kabati nyumbani.

#16 Bi Mkunga (mstaafu)

Balozi umegonga penyewe. Upasuaji wa usiku. Nilitaka kusema hivyo nikaogopa nitaonekana napigia debe wakunga.

#17 CHV wa shehia (jina kapuni)

Assalaam alaykum. Mie ni mhudumu wa afya wa jamii, natembea nyumba kwa nyumba na simu yenye programu ya Jamii ni Afya. Nimesoma uzi wote nimeona mmetaja kila ngazi isipokuwa sisi 🙂

Simu ile inanionesha mama gani ana mimba ya miezi mingapi, mtoto gani hajachanjwa, na maswali ya kumuuliza. Nikimuuliza mama "unavimba miguu?" na jawabu ni ndiyo, simu inaniambia mpeleke kituoni. Mie sio nesi. Lakini mie ndiye nijuaye kwamba bibi wa nyumba ya tatu anaficha mimba ya mjukuu wake, na kwamba baba wa nyumba ya pembeni hataki mke azalie spitali kwa sababu mara ya kwanza walimfokea.

Nataka kuwambia kitu kimoja tu. Mkisema watu wanaruka vituo vya afya, wengi hawaviruki kwa dharau. Kituo kiko wazi mpaka mchana. Mama anauza vitumbua asubuhi, akimaliza kituo kimefungwa. Anasubiri mpaka jioni mtoto azidiwe, halafu anakimbilia palipo wazi, na palipo wazi ni mbali.

#18 Mama Ilham

Dada wa jina kapuni, umesema maisha yangu yote kwa sentensi mbili.

#19 Mzalia wa Kikwajuni

Nimefurahi umekuja wewe, maana nilikuwa na mfano wa vituo vidogo nikausahau kuutia kwenye posti ya kwanza. Malaria.

Vijana hamkumbuki, lakini sisi homa ya malaria ilikuwa kama mtu wa nyumbani. Kila nyumba mtu mmoja kajifunika blanketi jua linawaka. Ikaja dawa mseto kuanzia 2003, vyandarua, kupuliza dawa majumbani, na tangu katikati ya miaka ya 2000 malaria Zanzibar imeshuka hata vijana wetu wa udaktari wengine hawaioni mara nyingi. Sasa sikilizeni inavyolindwa. Mtu akikutwa na malaria kituoni, hata kituo kidogo kabisa cha shamba, nesi anatuma taarifa kwa simu. Taarifa inafika kwa afisa wa ufuatiliaji wa wilaya. Anapanda pikipiki, anakwenda mpaka nyumbani kwa mgonjwa, anawapima waliomo, anauliza nani kasafiri bara, nani ana chandarua. Bingwa wa Mnazi Mmoja hahusiki hapo hata kidogo. Ukiruka kituo ukaenda kununua vidonge dukani, taarifa haitumwi, na jirani yako hatapimwa.

Mwisho wa 2023 na kuingia 2024 malaria ilipanda tena, mnakumbuka. Iligundulika mapema kwa sababu vituo vile vilikuwa vinahesabu kila mgonjwa.

Kwa hivyo nilipoandika kwamba Mnazi Mmoja iwe ya mwisho, sikuwa nawaambia watu wajinyime. Zile ngazi za chini zina kazi ambayo ya juu haiwezi kuifanya hata ikipewa fedha zote. Lakini saa za kazi hizo za mpaka mchana... hapo CHV amenifunga mdomo. Kituo kinachofungwa mchana kwenye mji ambao watu wanarudi nyumbani magharibi, hicho kinasubiri nani?

#20 fundi_wa_kwarara

Mie nina rai. Kila hospitali ya wilaya itundike ubao nje, na kwenye simu: usiku wa leo daktari yupo, picha ipo, maabara ipo, upasuaji upo au haupo. Basi. Usinipe kauli mbiu. Nikijua upasuaji haupo nitakwenda mbele moja kwa moja na sitakasirika.

#21 nassor_wa_tomondo

Hiyo nimeipenda. Mwalimu wa skuli akikosekana mzazi anajua, kwa nini mtu wa eksirei asijulikane?

#22 Bi Mkunga (mstaafu)

Fundi, wakuu watakataa kwa sababu ubao utaonesha mapengo. Na ndiyo faida yake. Ila uwe na mtu wa kuubadilisha kila zamu, la sivyo utaandikwa Januari utakutwa Ramadhani uko vile vile.

#23 Kipanga wa Wawi

Pemba ubao huo uandikwe na hali ya bahari.

#24 chausiku_m

Samahani wakubwa zangu kwa kuingilia. Nimesoma toka mwanzo. Mama mkwe wangu tuko naye Kianga, mtu mzima, leo tangu asubuhi mdomo umeenda upande mmoja na mkono wa kushoto hauna nguvu. Anasema ni upepo tu. Tumpeleke kituo cha karibu kwanza au Mbuzini?

#25 Bi Mkunga (mstaafu)

Chausiku mwanangu, hiyo si upepo. Hiyo ni dalili ya kiharusi. Kituo mkipite, msianzie huko. Chukueni gari sasa hivi mwende Lumumba au Mnazi Mmoja moja kwa moja, kwenye dharura, mseme tangu mlangoni: "mdomo umepinda, mkono umelegea, tangu saa kadhaa." Saa mliyomuona mzima kwa mara ya mwisho muikumbuke, wataiuliza. Msimpe chakula wala maji wala asprini, koo linaweza kuwa halifanyi kazi. Dawa zake zote za presha tieni kwenye mfuko mje nazo.

#26 fundi_wa_kwarara

Dada, nina gari, niko Kwarara, natoka sasa. Nitumie ujumbe wa faragha unielekeze nyumba. Uwe umeshamvisha.

#27 chausiku_m

Nimekutumia. Anakataa kutoka bila ya buibui lake jeusi, tunalitafuta.

#28 Bi Mkunga (mstaafu)

Mfungeni kanga yoyote mtoke. Buibui litafuata.